Dola ilipotokwa na fedha

Neno «fedha», tulilolipata kutoka Kiarabu, lina maana mbili: madini meupe yanayong'aa, na pesa tunayonunulia vitu. Kifaransa nacho hutumia «argent» kwa maana zote mbili. Si ajabu, kwani kwa karne nyingi pesa ilikuwa ni madini yenyewe. Hata jina «dola» lilitoka Joachimsthal, mji wa Bohemia wenye migodi ya fedha, ambako katika karne ya 16 zilifuliwa sarafu zilizoitwa «thaler». Makala haya mafupi yanaeleza jinsi maana hizo mbili zilivyotengana katika sarafu za Marekani.

Sheria ya mwaka 1792 iliipa dola moja gramu 24 hivi za fedha safi. Tangu 1837, sarafu za fedha zilikuwa na asilimia 90 ya fedha na asilimia 10 ya shaba, ili ziwe ngumu na zisilike upesi. Dola ya Morgan, iliyoanza kufuliwa 1878, ina uzito wa gramu 26,73. Toa shaba yake, utabaki na gramu 24 zile zile za 1792.

Shida ilizuka bei ya fedha ilipopanda. Mwaka 1963 wakia moja ya fedha (gramu 31,1) ilifikia dola 1,29. Kwa bei hiyo, fedha iliyomo ndani ya dola ya Morgan ilikuwa na thamani ya dola moja kamili. Kama ingepita 1,38, hata robo dola ingefaa zaidi kuyeyushwa kuliko kununulia mkate. Watu wakaanza kuzificha sarafu. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoondoa fedha katika robo dola na senti 10. Nusu dola iliachiwa asilimia 40, hadi 1970. Robo dola mpya ina moyo wa shaba uliofunikwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kila mtu akatumia mpya, akaiweka ya zamani sandukuni: pesa hafifu ikaifukuza pesa nzuri.

Utaitambuaje ya zamani? Kwanza soma mwaka: robo dola ya 1964 au kabla yake ni ya fedha. Kisha tazama ukingo: sarafu mpya ina mstari mwekundu wa shaba, ya fedha ni nyeupe kote. Hatimaye ipime. Robo dola ya zamani ina gramu 6,25. Asilimia 90 yake ni gramu 5,625, yaani wakia 0,18. Tuseme wakia inauzwa dola 30: sarafu hiyo ina fedha ya dola 5,40 hivi, zaidi ya mara ishirini ya thamani iliyoandikwa juu yake. Asiyejua hesabu hii huuza urithi wa babu yake kwa bei ya pipi.

Wakusanyaji hulipa hata zaidi kwa sarafu adimu, kama dola ya Morgan iliyofuliwa San Francisco mwaka 1893. Lakini usiisugue ing'ae, maana kuisugua hupunguza bei.

Leo dola inayopita mikononi mwetu ni karatasi. Fedha imetoka ndani yake. Sisi bado tunaiita fedha.