Gharama za Matibabu ya Saratani ya Matiti kwa Vijana: Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanapewa maelezo haya ili kijana aliyegunduliwa kuwa na saratani ya matiti, pamoja na jamaa zake, wazijue mapema gharama zitakazowakabili na namna ya kuzipanga. Lengo ni kwamba asiwepo mgonjwa atakayekatiza matibabu kwa kukosa nauli.

Ni vyema ieleweke kwamba maradhi haya hayawasibu wazee peke yao. Wapo wanaougua kabla ya kufikia umri wa miaka 40, na mzigo wao una uzito wa pekee. Kijana huenda bado ni mgeni kazini, pengine kwa mkataba wa muda. Akiba yake ni ndogo na watoto wake ni wachanga. Kwa mwenye genge au mkulima wa mwani, siku asiyokwenda kazini ni siku isiyo na kipato.

GHARAMA ZENYEWE

Matibabu katika hospitali za Serikali Visiwani yalitangazwa kuwa bila ya malipo. Hata hivyo, matibabu ya saratani ni marefu na aghalabu hayamaliziki mahali pamoja. Sehemu kubwa ya gharama huwa nje ya mlango wa hospitali: nauli, malazi, chakula na ujira unaopotea.

Tuchukue mfano wa mgonjwa wa Unguja aliyepangiwa kutiwa dawa kwa njia ya mshipa mjini Dar es Salaam mara 6, kila baada ya siku 21. Akifuatana na mtu mmoja, kwenda na kurudi kwao kunahitaji tiketi 24 za boti. Mgonjwa wa Pemba anayepitia Unguja atahitaji tiketi 48.

Mionzi ina hesabu nyengine. Wagonjwa wengi wa Visiwani wanaohitaji tiba hiyo hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa kawaida mionzi hutolewa kila siku ya kazi kwa muda wa wiki 3 hadi 5, hivyo mgonjwa hana budi kukaa huko. Baada ya hapo, wale ambao uvimbe wao unategemea homoni humeza vidonge kila siku kwa miaka 5 au zaidi.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kwanza, mgonjwa amuombe daktari ratiba nzima ya matibabu kwa maandishi, na hesabu ya fedha ifanywe kwa ratiba yote, si kwa safari ya kwanza tu.

Pili, asisafiri bila ya barua ya rufaa. Pia aulize ni huduma zipi kati ya hizo zinaweza kutolewa karibu na kwao.

Tatu, mtumishi awasilishe cheti cha daktari kwa Ofisa Utumishi mapema, kabla hajaanza kukosekana kazini. Aidha, mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 2023, aulize kinacholipiwa na Mfuko kabla ya kutoa fedha zake, na azihifadhi stakabadhi zote.

Nne, asiyekuwa na ajira rasmi amuone Sheha wake kwa barua ya utambulisho, kisha aonane na ofisa ustawi wa jamii.

Tano, jamaa wagawane kazi kwa uwazi: mmoja abebe nauli, mwengine malazi, mwengine alee watoto. Mwenyeji wa Dar es Salaam aelezwe mapema kwamba mgeni atakaa wiki kadhaa, wala si siku mbili.

Sita, kwa kuwa baadhi ya dawa huweza kupunguza uwezo wa kuzaa, na mimba haifai wakati wa matibabu, mgonjwa na mume wake wamuulize daktari jambo hilo kabla ya dawa ya kwanza.

TAHADHARI

Familia nyengine huuza dhahabu ya harusi na kumaliza fedha kwa waganga, kisha mgonjwa akafika hospitali uvimbe umeshaenea. Maradhi yakifikia hapo, matibabu huwa magumu na ya gharama zaidi, na matumaini ya kupona hupungua. Anayeona uvimbe au mabadiliko yoyote katika titi aende kituo cha afya bila ya kuchelewa.

Mgonjwa ambaye tayari ameanza matibabu na akaishiwa nauli asinyamaze nyumbani. Amuarifu daktari wake, Sheha au ofisa ustawi wa jamii kabla ya tarehe aliyopangiwa kupita. Tarehe ikisogezwa kwa makubaliano, daktari huweza kupanga upya. Kutoweka bila ya taarifa huyapa maradhi nafasi ya kurejea, na fedha zote zilizokwisha kutumika huwa zimepotea.