Kibanda cha tafakuri kianzie chooni

Picha za vibanda vya kutafakari hazipishani sana: ukuta wa kioo, kitanda kinachotazama bonde, ukungu wa alfajiri. Choo hakionekani. Hata hivyo, anayetaka kujua kama kibanda kinatunza mazingira au kinayageuza pambo, aulizie choo kwanza, kisha maji. Mandhari yaje mwisho. Aliyejitenga msituni kwa siku tatu anaweza kukaa bila runinga, jokofu na hata maneno, lakini atakunywa, ataoga na atakwenda haja. Hapo ndipo msitu unapoubeba mzigo wake.

Hesabu si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 20 za mraba, mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 20,000. Tukiondoa moja ya tano inayopotea, zinabaki 16,000. Mtu mmoja anayetumia lita 30 kwa siku, akioga kwa ndoo na kata, atamaliza kama lita 11,000 kwa mwaka mzima, na akiba itabaki. Mwekee choo cha kuvuta maji kinachomeza lita tisa, akivute mara sita kwa siku, na mahitaji yatapanda hadi zaidi ya lita 30,000. Mvua haitoshi tena. Itabidi kuchimba kisima au kuita boza. Boza linataka barabara, na barabara inataka miti ikatwe.

Ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana uko Chumbe, kisiwa kidogo jirani na Unguja kisichokuwa na maji baridi ardhini. Vibanda saba vya wageni vilivyojengwa huko miaka ya 1990 hukinga mvua kwa mapaa yake, huyachuja maji na kuyahifadhi kwenye matangi, kisha maji hupandishwa kwa pampu ya mkono. Vyoo havitumii maji. Kinyesi huozeshwa kikawa mboji. Maji ya kuogea hupitishwa kwenye vitanda vya mimea, ili uchafu usiyafikie matumbawe ambayo yamehifadhiwa kisheria tangu 1994. Hii ni biashara ya utalii, si nyumba ya tafakuri, lakini kanuni ni ileile: kibanda kinapangwa kufuatana na kile ambacho mahali panaweza kutoa na kupokea.

Udogo nao una kazi yake. Mtawa wa Kijapani Kamo no Chōmei, aliyeandika habari za kibanda chake mwaka 1212, aliishi katika chumba cha mita tatu hivi kila upande, ambacho kingeweza kufumuliwa na kuhamishwa kwa mikokoteni miwili. Leo sakafu ya zege ya ukubwa huo, yenye unene wa sentimita 10 tu, ina uzito wa karibu tani mbili, na haihamishiki. Nguzo zilizosimamishwa juu ya mawe huacha maji ya mvua yapite na mizizi ipumue. Msanifu majengo Le Corbusier, kwenye kibanda chake cha 1952 kusini mwa Ufaransa, hakuweka jiko kabisa. Alikula mgahawani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Vibanda kadhaa vinaweza vivyo hivyo kutumia jiko moja.

Watasema choo kikavu kinanuka, na kwamba kwetu mtu hustanji kwa maji. Harufu hutokana na unyevu mwingi na hewa kidogo: konzi ya majani makavu au pumba za mbao kila baada ya haja, pamoja na bomba refu la hewa, huiondoa. Maji ya kustanji yapewe mahali pake pembeni, yaelekee kwenye mimea bila kuingia kwenye shimo. Yote haya yanataka mtunzaji, na asiyeweza kumlipa asijenge.

Hoja nzito zaidi ni kwamba itikafu hufanyika msikitini na mafungo kwenye nyumba za watawa, kwa hiyo kibanda msituni ni anasa ya wenye fedha. Ni kweli, na palipo na nafasi hizo kibanda kipya hakina udhuru. Lakini msitu usiomlipa jirani yake hugeuka mkaa. Chumbe mapato ya wageni hugharimia hifadhi na ziara za wanafunzi. Vibanda vichache vya tafakuri vinaweza kukipa kijiji sababu ya kuuacha msitu wake umesimama. Kwa hiyo kamati ya kijiji inayoletewa ombi la kujenga isikubali picha za mandhari peke yake. Idai mchoro unaoonyesha maji yanatoka wapi, uchafu unakwenda wapi, na nani atafagia choo mwaka wa tano.