Rangi ya Mtu katika Vitabu vya Picha vya Watoto: Maelezo kutoka Nyanda za Kati

Kitabu cha picha kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka minne hata saba huwa na maneno machache mno. Aghalabu hayazidi sentensi moja au mbili katika kila ukurasa. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kuwa hakuna kazi nyepesi kwa mfasiri kuliko hiyo. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa vitabu vinavyomfunza mtoto habari za ubaguzi wa rangi, mambo ni kinyume. Vitabu hivyo vikichukuliwa kutoka Kiingereza na kutiwa katika Kiswahili neno kwa neno, humwambia mtoto wa Dodoma, Kondoa au Mpwapwa jambo jingine kabisa, na lile linalomhusu zaidi huliacha bila kuligusa.

Yafaa kwanza tutazame vitabu hivyo vilikotoka. Mwaka 1899 ulichapishwa huko London mkusanyo mdogo wa picha na maneno uitwao The Story of Little Black Sambo, kazi ya Helen Bannerman, na kwa miaka mingi watoto wa Uingereza na Marekani walimjua mtu mweusi kwa picha za namna ile, za kuchekesha na kudhalilisha. Mwaka 1965 Nancy Larrick alitoa hesabu yake ya vitabu vya watoto 5,206 vilivyochapishwa Marekani katika miaka ya 1962, 1963 na 1964. Ni asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja ndani yake. Basi vitabu vya kupinga ubaguzi vilizaliwa kuwa jawabu la upungufu huo, na lugha yetu ilikuwa na sehemu yake. Muriel Feelings, aliyepata kufundisha Uganda, pamoja na mchoraji Tom Feelings, walitoa Moja Means One mwaka 1971 na Jambo Means Hello mwaka 1974. Vyote viwili vilipewa heshima ya Caldecott, ambayo ni ya juu sana kwa vitabu vya picha katika nchi ile. Mtoto mweusi wa Marekani alifunzwa kuhesabu kwa Kiswahili ili ajue kuwa asili yake ina lugha na ina utu. (Mtoto wa Dodoma akikipata kitabu hicho hataona dawa yoyote ndani yake, ataona moja, mbili, tatu.)

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Katika Kiingereza cha Marekani maneno mawili ya rangi, lile la weupe na lile la weusi, ni majina ya makundi ya watu. Katika Kiswahili cha kila siku sivyo. Tukisema "yule mtoto ni mweupe", mtu wa Dodoma hafikirii Mzungu hata kidogo; amfikiria mtoto wa jirani ambaye rangi yake ni nyepesi kuliko ya ndugu zake. Ndugu wa tumbo moja huweza kuwa mmoja mweusi, mmoja mweupe, na wa tatu maji ya kunde, na wote ni Wagogo au Warangi. Hayo ni maelezo ya mwili wa mtu mmoja, kama urefu na ufupi. Majina ya makundi tunayo pia, lakini hayakujengwa juu ya rangi: Mhindi na Mwarabu yatokana na nchi na kabila, na Mzungu wengi hulihusisha na kitenzi kuzunguka, yaani hutaja mwenendo wa mtu wala si ngozi yake.

Basi chukua sentensi ya kitabu cha kigeni isemayo kwamba mtoto mweupe alikataa kucheza na mtoto mweusi. Msikilizaji wetu mdogo ataelewa kwamba dada mwenye rangi nyepesi amemkataa dada yake. Wala hapo hatujafika mwisho wa madhara. Neno "mweupe" katika mazungumzo yetu limekwisha kuingiwa na sifa. Mtoto husikia watu wazima wakimsifu bibi arusi kwa weupe, na huona makopo ya mkorogo yakiuzwa ingawa serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye sumu. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno, badala ya kuondoa daraja la rangi, yaweza kulitia nguvu daraja lile lililokwisha kuwamo nyumbani.

Simaanishi kwamba ubaguzi wenye misingi ya sheria haukufika katika uwanda huu. Ulifika, tena mahali pake pajulikana. Hapo Kongwa, mashariki ya Dodoma, mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 ulifuatwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu peke yao, iliyoendelea katika majengo yale hata mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtoto wa Kigogo aliyechunga ng'ombe kando ya uzio hakuwa na ruhusa ya kusoma humo. Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa Tanganyika nzima: shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja mbali, mpaka mwanzoni mwa mwaka 1962 utengano huo ulipofutwa. Na kuanzia mwaka 1964 Kongwa hiyo hiyo iliwapokea wapiganaji wa Afrika Kusini na wa Msumbiji waliokuwa wakijiandaa kupigana na utawala wa kibaguzi na wa kikoloni. Nashangaa kuwa mpaka leo mahali kama hapo hapajawa kitabu cha picha kinachojulikana katika kila darasa. Uzio mmoja, watoto wawili na ng'ombe wangetosha. Na kitenzi kubagua, ambacho mtoto akijua kwa kutenga vitu, hiki huku na hiki kule, kingeeleweka naye bila maelezo marefu.

Hata hivyo, mtoto ambaye ngozi yake humletea taabu leo katika nyanda za kati si yule wa Kongwa ya kale. Ni mtoto mwenye ualbino. Tangu miaka ya 2006 na 2007 habari za watu hao, wengi wao watoto, kuuawa au kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina zimejulikana duniani, na ingawa mauaji mengi yalikuwa katika mikoa ya Ziwa, hofu ilienea nchi nzima. Shule ya wasioona ya Buigiri, katika wilaya ya Chamwino, husomesha pia watoto wa namna hii.

Mwanzoni kabisa twakutana na jina. Wako wasemao kwamba neno "zeruzeru" hudhalilisha kwa kuwa halimo katika umbo la M-WA, na hivyo humtoa mtu katika ubinadamu. Hoja hii ni nzuri kwa hotuba, lakini kisarufi haisimami. Upatanisho wake ni ule ule wa viumbe wenye uhai: zeruzeru yule amekuja. Tena maneno kiongozi na kijana yana ki- kama kipofu na kilema, wala hayamdhalilishi mtu. Chama cha Viziwi Tanzania chenyewe kimelishika jina "viziwi" bila aibu. Kwa hiyo ubaya wa "zeruzeru" hautoki katika ngeli. Watoka katika matumizi: neno limezoea kutupwa na kukimbiwa, na husafiri pamoja na uvumi kuwa mtu wa namna hiyo hafi bali hutoweka.

Liko na jambo la sauti, ambalo waandishi wa vitabu hawalitazami. Ze-ru-ze-ru ni silabi nne, zote zaishia kwa irabu, tena nusu ya pili yarudia ya kwanza. Mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza ba be bi bo bu hulitamka mara moja, na kurudiarudia huko humfurahisha, hata likawa tayari kuimbwa uwanjani kama mzaha. Neno la heshima, "mtu mwenye ualbino", ni refu, na ndani yake l na b zimekutana bila irabu katikati, jambo ambalo chati za silabi za madarasa ya mwanzo hazijamfunza bado. Tumempa mtoto tusi jepesi na adabu ngumu, kisha twashangaa achaguapo lile jepesi.

Rai yangu ni kwamba kitabu kisianze kwa lolote kati ya majina hayo. Kianze kwa jina la mtoto mwenyewe; tumwite Sechelela, jina la Kigogo ambalo kila silabi yake ni wazi. Sechelela anavaa kofia pana. Sechelela anakaa dawati la mbele. Sechelela anajua kuhesabu mbuzi. Msomaji akiisha kumjua, ndipo katika ukurasa wa sita au wa saba mwalimu alitamke neno ualbino kwa sauti, na kueleza kwamba baba na mama, wote weusi, wanaweza kumzaa mtoto ambaye ngozi, nywele na macho yake hayana rangi ya kutosha, na kwamba jua la Dodoma humchoma kwa sababu hiyo. Maelezo hayo ni ya lazima, kwa maana katika vijiji vingi mama bado hulaumiwa kuwa amezaa na Mzungu.

Yabaki mambo ya uchapaji. Vitabu vingi vya bei nafuu huchapwa kwa wino mmoja mweusi, na michoro ni ya mistari mitupu. Katika karatasi ya namna hiyo watoto wote wameachwa weupe, na Sechelela hawezi kutambulikana. Mchoraji ahitaji angalau wino wa pili, wa kahawia, kwa ajili ya nyuso za wenzake. Zaidi ya hapo, ukosefu wa rangi ndani ya jicho hupunguza nguvu ya kuona, wala miwani haiirudishi yote. Herufi za kitabu, basi, hazina budi kuwa nene na kubwa kuliko ilivyo desturi katika vitabu vya darasa la kwanza. La sivyo mtoto ambaye habari zake zimeandikwa humo atalazimika kumwomba mwenzake amsomee.