MAZIWA MATATU, STESHENI MBILI: NYASA TUMEKOSA NINI?

Mwulize kijana yeyote wa Mbinga stesheni ya treni iko wapi. Hatakuambia Songea, wala Mbamba Bay. Atakuambia Makambako! Yaani mkoa mwingine kabisa, safari ya karibu kilometa 400 kwa basi, unapitia Songea na Njombe, ukifika umechoka ile mbaya na baridi inakungoja.

Sasa cheki mambo yalivyo. Nchi yetu ina maziwa makubwa matatu. Ziwa Tanganyika lina stesheni Kigoma tangu 1914. Ziwa Viktoria lina stesheni Mwanza tangu 1928. Hata ng'ambo ya pili ya ziwa letu, ndugu zetu wa Malawi wana Chipoka, ambako reli inafika mpaka bandarini. Upande wetu wa Nyasa, toka Kyela mpaka Mbamba Bay, hakuna hata reli ya kukalia.

TRENI CHINI YA ARDHI

Vijiweni siku hizi ubishi ni kuhusu zile treni za kwenye sinema, zinazopita chini ya mji. Unashuka ngazi, unaingia shimoni, unaibukia mtaa mwingine. Wenye London walianza mambo hayo mwaka 1863, tena kwa injini za mvuke, moshi mtupu humo ndani. Katika Afrika, Cairo ndio waliotangulia, mwaka 1987.

Bongo hatuna stesheni ya namna hiyo. Ila treni kuingia ardhini, hiyo tunaijua. Niliwahi kupanda TAZARA Makambako kwenda Dar, na nakuapia, kipande cha kutoka Makambako kuteremka Mlimba si mchezo. Mara mwanga, mara giza totoro. Watoto wanapiga kelele, akina mama wanashika mabegi yao, na mshkaji aliyekuwa anajifanya mjanja dirishani ananyamaza kimya. Reli nzima ina mahandaki 22, na mengi yako kwenye mteremko huo. Ukitoka gizani unajikuta juu ya daraja, chini ni korongo tupu.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1970 na mwaka 1975 treni ilikuwa imefika Kapiri Mposhi, Zambia, kilometa 1,860. Wachina walitoa mkopo usio na riba, na mafundi wao walifanya kazi bega kwa bega na Watanzania na Wazambia. Zaidi ya Wachina 60 hawakurudi kwao. Wamelala makaburini huko nje kidogo ya Dar, na kila nikipita njia ya Pugu huwa nawakumbuka.

JENGO LINASEMA

Stesheni ni jengo, na jengo lina maneno yake. Simama mbele ya stesheni ya TAZARA pale Dar. Ni zege kubwa, ukumbi mpana, dari iko juu kabisa, vioo virefu. Halina mapambo. Linakuambia hivi: hapa wanakuja watu wengi, tena watu wa kawaida, na wote wana nafasi.

Nenda Kigoma uone kitu tofauti. Stesheni ile ni ya Mjerumani, nyeupe, yenye matao mbele, imesimama kama bwana shauri. Wenyeji watakusimulia habari ya njia ya siri ya chini kwa chini, kutoka stesheni hadi jumba la zamani la Wajerumani, ili wakubwa wapate pa kukimbilia. Mimi sijaiona, nakuuzia kama nilivyouziwa. Lakini hata hadithi hiyo inakuonyesha wananchi walivyolielewa jengo: lilikuwa la wenye nguvu.

Halafu kuna hii ya juzi, ya treni ya umeme pale Dar, ya vioo, umbo lake kama jiwe la tanzanite. Mwaka 2024 ilianza kupakia abiria wa Morogoro na Dodoma. Nayo reli hiyo ina mahandaki yake, kule karibu na Kilosa. Vijana wanapiga picha hapo kama wako harusini. Siwalaumu, inapendeza!

KISA CHA KUKOSA

Msije mkadhani sisi wa Nyasa tulisahauliwa. Tumeahidiwa sana tu! Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Wajerumani walipima njia ya reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi ziwani kwetu. Haikujengwa. Reli ya kati ndiyo iliyopata bahati, ikaenda Kigoma.

Akaja Mwingereza na mradi wake wa karanga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akajenga reli kusini kwenda Nachingwea, kubeba karanga. Karanga zenyewe zikagoma kuota kama alivyotegemea, mradi ukavunjwa mwaka 1951. Reli ikabaki inahangaika bila mzigo, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa. Ukienda leo unatafuta alama kwa tochi.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, mpenzi msomaji. Reli ya mzigo mmoja hufa pamoja na mzigo wake. TAZARA ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia, ni kweli, lakini ilipewa stesheni njia nzima. Mkulima wa Mlimba akapata pa kupandishia mchele wake, mama wa Ifakara akapata wateja madirishani. Shaba ikipungua, watu wapo.

SAFARI HII TUSILALE

Sasa mpango upo tena: reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kama kilometa 1,000, na matawi ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Bado haijajengwa. Lami kutoka Mbinga imeshafika ziwani, na bandari ya Mbamba Bay imeanza kujengwa upya. Kwa hiyo safari hii huenda ikawa kweli.

Na ikiwa kweli, hapa kwetu ndipo penye utamu wa kihandisi. Milima ya Umatengo iko juu, ziwa liko chini, mita 475 tu kutoka usawa wa bahari. Treni lazima iteremke. Ama wazunguke, ama watoboe mlima. Kuchimba si kitu kigeni kwetu. Wazee walichimba ngoro milimani kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na makaa ya mawe ya Ngaka tunayachimba. Mkitaka handaki, njooni!

Ila nina wasiwasi. Kila ninaposikia mpango huu unatajwa, nasikia chuma, nasikia makaa ya mawe. Abiria wanatajwa mwishoni, kama chumvi iliyosahaulika. Tukinyamaza tutajengewa kituo cha kupakulia mawe, na sisi tutaendelea kudandia basi la Makambako huku tunaiona treni ikipita.

Basi tudai mapema, wakati bado ni karatasi. Moja: stesheni iwe jirani na gati, kama Kigoma, mtu ashuke melini na dagaa wake apande behewa bila kukodi gari. Mbili: pawe na stesheni za njiani, mkulima wa kahawa naye aione treni ikisimama. Tatu: pawe na ukumbi wa kweli wa abiria, wenye kivuli, maji, vyoo na taa, maana mama mwenye mtoto hawezi kulala juu ya gunia hadi alfajiri.

Vikao vya vijiji vipo, madiwani wapo, wabunge wapo. Wakija kuomba kura, swali la kwanza liwe moja tu: mheshimiwa, hiyo stesheni ina benchi la abiria?