Pampu za Tana zafaa kuamshwa na kulazwa polepole

MTO Tana, ambao ndio mrefu zaidi nchini Kenya, hupita Bura, Hola na Garsen kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kwa wakulima wa kingo zake wanaokuza ndizi, maembe, mahindi na mpunga, maji huonekana kwa macho. Kazi iliyopo ni kuyapandisha kutoka mtoni hadi shambani.

Kazi hiyo imewahi kuangusha miradi mikubwa. Mradi wa unyunyizaji wa Hola, ulioanzishwa mwaka wa 1953, ulisambaratika mwaka wa 1989 baada ya mto kubadili mkondo na kuiacha mitambo ya kuvutia maji pakavu. Ule wa Bura, uliopokea wakulima wa kwanza mapema miaka ya 1980, ulitegemea pampu za dizeli za Nanigi ambazo gharama yake ya mafuta na matengenezo ilikuwa mzigo mzito. Ndiposa mkulima wa Tana hahitaji kuelezwa kwamba pampu ikifa, mimea hufuata.

Siku hizi pampu nyingi huendeshwa kwa mota za umeme, ukiwemo wa jua, na huambatana na kijisanduku cha kudhibiti kasi ya mota. Ndani yake kuna tarakimu mbili ambazo mafundi wengi huziacha jinsi zilivyotoka kiwandani: muda wa kupandisha kasi na muda wa kuishusha. Tarakimu hizo zaweza kuamua iwapo bomba litadumu msimu mmoja au miaka kumi.

Mota ikiunganishwa moja kwa moja na umeme, huvuta mkondo ulio mara tano hadi nane ya ule inaotumia ikiwa imetulia. Nguvu za umeme hushuka, ekseli hujipinda na viungo hulegea. Kidhibiti huondoa kishindo hicho kwa kuanza na mizunguko michache na kuiongeza hatua kwa hatua.

Hatari kubwa zaidi hutokea wakati wa kuzima. Maji yaliyomo bombani ni mzigo mzito unaosafiri. Pampu ikisimama ghafla, maji yaliyotangulia huendelea mbele huku shinikizo nyuma yake likiporomoka. Kisha safu nzima hurudi na kuigonga vali ya kuzuia maji kurudi. Mafundi hukiita kishindo hicho nyundo ya maji, na Mrusi Nikolai Zhukovsky ndiye aliyekipigia hesabu mwishoni mwa karne ya 19.

Tuchukue mfano wa bomba la plastiki la mita 300 ambamo maji huenda mita 1.5 kwa sekunde. Mshtuko husafiri katika bomba la aina hiyo kwa takriban mita 400 kwa sekunde. Maji yakisimama ghafla, shinikizo hubadilika kwa kiasi kinacholingana na kimo cha mita 60 hivi za maji. Ongeza kimo ambacho bomba hubeba kila siku, nawe umekwisha kulivuka bomba lililotengenezwa kustahimili mita 60. Katika bomba la chuma mshtuko huenda kasi zaidi, na pigo huwa kubwa zaidi ya maradufu.

Dawa yake ni muda. Mshtuko huchukua sekunde 1.5 kwenda mwisho wa bomba hilo na kurudi. Maji yakisimamishwa katika muda huo au chini yake, pigo huwa kamili. Yakipunguzwa kwa utaratibu katika sekunde 15, pigo hubakia takriban sehemu moja ya kumi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Fundi huweka sekunde 20 za kushusha kasi na kuamini kuwa amemaliza. Lakini uwezo wa pampu kuinua maji hufuata mraba wa kasi yake. Pampu inayoweza kufikisha kimo cha mita 24, ikifungwa penye ukingo wa mita 12, huacha kutoa maji kasi inapofika asilimia 70. Kwa hiyo maji husimama baada ya sekunde sita tu, na zile 14 zilizosalia mota huzunguka bure. Afadhali kasi ishushwe taratibu kutoka asilimia 100 hadi 70 kwa sekunde 15, kisha imalizwe upesi.

Wakati wa kuanza, ni kinyume chake. Pampu za kuzamishwa kisimani zina beringi zinazolainishwa na maji, na mwendo wa chini mno huzichakaza. Watengenezaji hutaka zifikie kasi ya wastani kwa takriban sekunde moja, ndipo zipandishwe polepole huku bomba likijaa. Mitambo ya viwandani hufuata kanuni hiyo hiyo: kasi hupanda kwa mchoro wa herufi S, laini mwanzoni na mwishoni, ili mzigo usitikisike.

Hata hivyo, kidhibiti hakiwezi kulaza pampu taratibu ikiwa umeme umekatika. Kwa sababu hiyo, bomba refu bado lahitaji vali inayofunga bila kishindo au tangi la hewa la kupokea pigo. Anayetumia umeme wa jua pia aweke kasi ya chini kabisa, ili wingu likitanda pampu isimame badala ya kuzunguka na kuyachemsha maji yasiyotoka.

Mwenye pampu ya petroli naye hajaachwa nyuma. Mkono wake ndio kidhibiti: apunguze mafuta kidogo kidogo kabla ya kuzima, na asikilize bomba. Likigonga, ameharakisha.