Petroli Yenye Ethanoli: Akiba Inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Msemo huo una ukweli wake, lakini askari aliyekabidhiwa jenereta, pikipiki au injini ya mashua ya doria hana budi kujua kwamba petroli iliyochanganywa na ethanoli ni akiba inayooza.

Ethanoli ni kileo kinachopatikana kwa kuchachusha na kukeneka molasi ya miwa. Brazil ilianzisha mpango wake mkubwa mwaka 1975. Malawi ilianza kuichanganya na petroli mwaka 1982, kwa kutumia ethanoli ya kiwanda cha Dwangwa. Kenya nayo ilitumia ethanoli ya Muhoroni tangu 1983 hadi 1993. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2020 inaruhusu mchanganyiko wa hadi sehemu 20 katika 100. Shabaha ni kupunguza fedha za kigeni zinazonunulia mafuta.

Je, mafuta hayo ni mabaya? La hasha. Gari lililoundwa kwa ajili yake huenda vizuri. Ni kweli kwamba lita ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa theluthi moja kuliko lita ya petroli. Kwa hiyo mchanganyiko wa sehemu 10 hupunguza mwendo kwa takriban kilomita tatu katika kila mia. Hasara hiyo ni ndogo. Malori ya dizeli hayahusiki kabisa.

Adui hasa ni maji. Ethanoli huvuta unyevu wa hewa. Mchanganyiko wa sehemu 10 ukipata maji yapatayo nusu lita katika lita 100, ethanoli na maji huachana na petroli na kuzama chini ya tangi, mahali ambapo mrija huvuta mafuta. Injini hukataa kuwaka. Katika mashine zinazochanganyiwa oili na petroli, kama vile msumeno wa mnyororo, hatari ni kubwa zaidi: oili hubaki juu, injini hunywa maji na kileo bila kilainishi, na pistoni hukwama.

Tena, ethanoli huyeyusha uchafu wa zamani ndani ya tangi na kuupeleka kwenye chujio na kabureta. Mipira ya mafuta ya mashine kuukuu huvimba na kupasuka.

Basi, afanyeje mwenye dhamana? Chukua chupa nyembamba ya kioo, mbali na moto. Tia maji kidogo, weka alama, ongeza petroli, tikisa, kisha acha itulie. Maji yakionekana kupanda juu ya alama, ethanoli imo. Mafuta ya namna hiyo yasikae miezi mingi. Yatumiwe kwa zamu, ya kwanza kuingia yawe ya kwanza kutoka. Madebe yafungwe barabara. Mashine itakayolala ikaushwe tangi na kabureta. Chujio libadilishwe mapema baada ya kuanza kutumia mafuta hayo, na mipira ikaguliwe.

Jenereta ya kituo haichagui usiku wa kuzimika, wala mashua haichagui siku ya watu kuzama ziwani. Siku hiyo, kosa la ghalani halisahihishwi kwa kuvuta kamba ya kuwashia. Injini iwashwe leo, wakati hakuna anayeihitaji.