Biashara Mbili za Saa Baina ya Mnazi Mmoja na Kariakoo

Mtu atokaye Mnara wa Saa, ule uliosimamishwa mwaka 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji, akavuka viwanja vya Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo kwa Barabara ya Uhuru, hupita kati ya biashara mbili za saa ambazo aghalabu huhesabiwa kuwa moja. Ya kwanza ni ya wauzaji, nayo ni kubwa, yenye sauti na mzunguko wa haraka. Ya pili ni ya mafundi, nayo ni ndogo, imeketi barazani nyuma ya kisanduku cha kioo, na wengi wa wapitao huidhania kuwa ni mabaki ya zama zilizokwisha. Rai yangu naitanguliza mapema: thamani ya kudumu zaidi imo katika ile ndogo, na wenye mitaji ya Kariakoo wanaipuuza kwa hasara yao wenyewe.

Saa ya mkono iuzwayo Kariakoo leo aghalabu imetoka China, imeletwa kwa kontena pamoja na mikanda, miwani na pochi, na huuzwa kwa jumla, dazani kwa dazani, kwa wanunuzi wa mikoani na wa Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, au huishia kwa machinga anayeitembeza mkononi. Ndani yake mna betri ndogo na kipande cha kwatzi kitetemekacho mara 32,768 kwa sekunde moja. Ni mashine iliyo sahihi kuliko saa za ufunguo zilizovaliwa na wafalme, na gharama yake kiwandani ni ndogo hata ikiharibika haistahili kufunguliwa. Mwenye fremu, akishalipa kilemba na kodi ya pango, hana budi kuitafuta faida katika wingi wa mauzo, wala hana nafasi ya kumwuliza mteja saa ile itatumika miaka mingapi.

Hapo ndipo ghushi inapopata mlango. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza bidhaa kwa jina lisilo lake, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuzikamata. Walakini majina makubwa ya Uswisi na Japani yangali yakibandikwa juu ya mashine zisizo na nasaba yoyote. Mimi simsikitikii sana anunuaye Rolex ya kando ya njia, kwa kuwa bei yenyewe imekwisha kumwambia ukweli. Namsikitikia kijana wa kazi anayekusanya ujira wake anunue Casio F-91W, saa ya kiungwana iliyo sokoni tangu mwaka 1989, nyepesi, sahihi na isiyojigamba, akapewa mfano wake wa bandia unaokufa kwa mvua ya kwanza ya masika.

Ili kuielewa biashara ya mafundi yafaa tumtazame Mwingereza, kwa kuwa yeye aliwahi kuwa juu kabisa katika sanaa hii, akaanguka, kisha akainuka kwa njia asiyoitazamia. John Harrison, mtu aliyelelewa katika useremala, aliifuata zawadi ya pauni 20,000 iliyotangazwa na Bunge lao mwaka 1714 kwa yeyote atakayeziwezesha merikebu kuijua longitudo zikiwa baharini. Saa yake ya nne, iliyokamilika mwaka 1759, ilipelekwa Jamaika, na katika siku 81 ilichelewa sekunde 5 tu. Karibu na wakati huohuo Thomas Mudge akavumbua mtambo wa wenzo, uachiao magurudumu yapite jino baada ya jino, ambao hadi leo umo ndani ya karibu kila saa isiyotumia betri, ikiwamo Seiko 5 iliyolazwa mezani kwa fundi wa Mnazi Mmoja.

Matunda ya ustadi huo yalifika pwani yetu mapema, maana Nahodha William Owen alipokuja kuipima baina ya mwaka 1822 na 1826 alizitegemea saa za baharini za namna hiyo. Burton na Speke, waliovuka kutoka Unguja mwaka 1857 kwenda kuyatafuta maziwa ya bara, nao walizichukua. Lakini ziliharibika moja baada ya moja safarini, hata ikabidi sekunde zihesabiwe kwa risasi iliyotundikwa kwenye uzi na kuachwa ibembee. Chombo kilichokuwa fahari ya London kilikuwa mzigo mtupu mahali ambapo hapakuwa na mkono wa kukifungua na kukisafisha, na jambo hili, ambalo wasafiri wale walilijua kwa taabu, waagizaji wetu wa leo hawajalitia katika hesabu zao.

Sababu ya kuanguka kwa Waingereza ilikuwa ya kiuchumi. Wakati karne ya kumi na tisa ilipoanza hukadiriwa kwamba nusu ya saa za dunia zilitoka kwao, katika karakana za Clerkenwell, Coventry na Prescot. Lakini mabwana wa kazi waliing'ang'ania desturi ya kugawa kila saa kwa mikono mingi, wakazikataa mashine za kutoa vipande vinavyolingana, ilhali Wamarekani na Waswisi walizipokea. Vita vya mwaka 1914, vile vilivyoleta kambi ya wapagazi mahali palipo Kariakoo, viliitoa saa mfukoni na kuifunga mkononi, na bado faida ikaenda kwingine: Rolex, iliyoanzishwa London mwaka 1905, ilihamia Geneva mwaka 1919. Smiths ya Cheltenham iliunda saa njema, na Edmund Hillary alikuwa na moja yake alipopanda Everest mwaka 1953. Kisha tarehe 25 Desemba 1969 Seiko wakatoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa, na viwanda vingi vya saa za ufunguo Ulaya vikafungwa.

Aliyebaki ni mtu mmoja mmoja. George Daniels alitengeneza saa nzima kwa mikono yake, kuanzia kasha hadi akrabu, akabuni mtambo mpya wa kuachia magurudumu ambao Omega waliupokea mwaka 1999. Mwanafunzi wake Roger Smith anaendelea na kazi hiyo katika Kisiwa cha Man, akitoa saa chache kwa mwaka ambazo matajiri huzingoja kwa muda mrefu. Baadaye zimeinuka kampuni kama Bremont, iliyoanzishwa mwaka 2002. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi sokoni kwa urahisi wa bei. Wanachouza ni saa inayoweza kufunguliwa, kusafishwa na kurithiwa.

Mafundi wetu waliishi katika uchumi wa namna hiyo zamani, bila kuuchagua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 uagizaji uliingia mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, fedha za kigeni zikawa adimu, na hadi mwaka 1984, wenye fedha zao nje waliporuhusiwa kuingiza bidhaa, saa ilikuwa mali ya kuandikwa katika wosia. Fundi alikuwa mtu wa staha. Mlango ulipofunguliwa zikaja saa rahisi, kisha simu za mkononi zikamwonyesha kila mtu wakati bila kumwuliza fundi, na sasa riziki yake ya kila siku ni betri, mkanda na kioo.

Walakini saa za ufunguo hazijakwisha majumbani. Huletwa na watoto wa marehemu, zikiwa zimeshikwa na kutu ya jasho na hewa ya chumvi, na fundi huzivua mfuniko, huzilaza sehemu zake katika petroli, huikagua kamani, hulirudisha gurudumu la mizani mahali pake kwa kibano, na kutia tone la mafuta kwa ncha ya sindano. Ikisimama tena kwa kukosa kipande, hana pa kukitafuta isipokuwa ndani ya saa iliyokufa. Kazi ya siku nzima hulipwa ujira unaokaribia ule wa kubadili betri chache, kwa kuwa mteja huulinganisha na bei ya saa mpya ya dukani badala ya thamani ya saa aliyoishika.

London, Chama cha Watengeneza Saa kilipata hati ya mfalme mwaka 1631, nacho kilishika daftari za wanafunzi na kuwaadhibu wenye kazi mbovu. Fundi wa Mnazi Mmoja amejifunza kwa baba au kwa bwana wake, na hana karatasi inayoshuhudia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanao utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na sioni kwa nini fundi saa asipimwe kama wanavyopimwa fundi magari na fundi seremala. Lakini shahada peke yake haileti kamani, na vipuri havitakuja ila kwa mkono wa yule aletaye saa zenyewe. Katika kontena lililojaa maelfu ya saa, vipande vya kuzitengenezea havingejaza hata pembe moja. Mwenye fremu akimweka fundi mmoja ndani ya duka lake, akampa meza, taa na mshahara, akauza saa kwa dhamana ya mwaka mmoja iliyoandikwa na kupigwa muhuri, ataweza kuipandisha bei yake kwa haki, na mnunuzi wa Songea au wa Lubumbashi atakuwa na sababu ya kurudi kwake badala ya kuingia mlango wa pili.